Godoro la Tano

Mtaa mzima ulimwita Hapungui, na jina hilo alipewa na wateja. Mtu akisema, "Fundi, punguza kidogo," yeye alimtazama kama aliyeombwa akate kidole, kisha akajibu, "Kitanda kimepimwa na bei imepimwa. Sasa nipunguze mguu gani?" Walicheka, wakanung'unika, wakalipa. Hata mke wake alipokasirika alimwita Hapungui. Siku za amani alimwita baba watoto.

Alikuwa seremala wa fanicha, umri unakaribia sitini, mfupi, mwenye viganja vigumu kama visigino. Hakufundishwa na mtu. Alianza kwa kuokota misumari iliyopinda penye majumba yanayobomolewa, akainyoosha juu ya jiwe na kuiuza kwa mafundi wavivu. Baadaye akanunua viti vilivyovunjika kwa bei ya kuni, akavifungua kiungo kwa kiungo apate kujua vilikuwa vimeshikana vipi, akavirudisha, akaviuza kwa bei ya viti. Hapo ndipo alipojifunza sheria yake moja. Ufa usiuzibe kwa gundi na unga wa mbao halafu ukanyamaza. Mwambie mnunuzi. Si kwa kuwa wewe ni mtu mwema. Ni kwa kuwa ufa una miguu. Utarudi mlangoni kwako siku usiyokuwa na nafasi nao, umeongozana na mwenye kiti na mashemeji zake.

Kabla hajapata mahali pa kuuzia, alitembeza sampuli. Alitengeneza kitanda cha inchi tatu, na kabati la kukaa kiganjani lenye droo zinazofunguka kweli, akavitia katika mfuko wa koti na kupita ofisi hadi ofisi. "Mama, kabati lako hili hapa. Vuta mwenyewe." Mama akishavuta kidroo kwa ukucha, hapo maneno yamekwisha. Kwa mfuko huo wa koti alisomesha watoto watatu, ambao sasa wako mbali, kila mmoja na kazi yake, wakipiga simu kumwuliza atapumzika lini. "Nikichoka," huwajibu, na kuwauliza wao wanapiga simu kwa salio la nani.

Karakana yake ilikuwa chini ya jengo la ghorofa moja, penye kona. Mlango wa mbele ulitosha kabati la nguo kutoka bila kulazwa. Nyuma kulikuwa na kiua chenye choo, na upande wa kulia mlango mdogo uliofungukia ngazi ya kwenda juu. Karibu na dirisha mke wake aliweka cherehani, akashona foronya, matandiko na magodoro. Walikuwa wamepanga hapo miaka ishirini na miwili. Juu aliishi mwenye jengo, mzee wa miaka themanini na kitu, mjane asiye na mtoto, aliyewahi kuwa nahodha wa meli za matanga na hata sasa hakuitwa jina jingine. Nahodha alitembea kwa fimbo. Mke wa fundi alikuwa akimpelekea chai saa nne, na ikichelewa, fimbo ilisema sakafuni.

Siku moja Nahodha alishuka mwenyewe, kipandio kwa kipandio, akakaa juu ya benchi la kazi bila kukaribishwa.

"Fundi, vile vidude vyako vya mfukoni. Unaweza kunitengenezea meli namna ile?"

"Naweza kutengeneza chochote kinachokaa, Nahodha. Kinachokwenda sijajaribu."

"Hii itakaa. Kwenda ilishakwenda." Mzee akafuta pua. "Meli yangu ya kwanza. Milingoti mitatu. Naitaka nje na ndani, kila kiti, kila meza, kama ilivyokuwa."

"Kazi hiyo ni ya miezi, mzee."

"Najua. Ndiyo maana sikuja na pesa. Mpwa wangu anakuja mwisho wa mwaka. Anataka jengo hili libomolewe, paegeshwe magari. Nikifa kabla sijaandika kitu, wewe na cherehani ya mkeo mko barabarani. Nitengenezee meli. Siku utakayoifunga sitaha mbele ya macho yangu, naandika sehemu hii ya chini iwe yako."

Hapungui, aliyeweza kubishana nusu saa juu ya kopo la vanishi, safari hii aliuliza maswali mawili tu.

"Chini yote, pamoja na kiua?"

"Pamoja na kiua."

"Mbele ya wakili?"

"Wakili ameshaandaa karatasi. Limebaki jina langu."

Wakapeana mikono. Mkono wa Nahodha ulikuwa wa baridi, lakini mkono wa mzee ndivyo ulivyo, na mtu hapewi karakana kila siku.

Orodha ya vitu vya ndani Nahodha aliiandika kwenye karatasi ya mistari, akaisukuma chini ya mlango siku ambayo fundi alikwenda kununua mbao. Mke aliiokota, akaisoma, akaona vitanda vitano, na kwa kuwa hakupenda kazi ilale, akakata magodoro matano siku hiyo hiyo kutoka kwenye kitambaa cha mistari cha mfuko wa suruali kuukuu. Kila moja lilikuwa na urefu usiofika inchi tatu. Akayajaza pamba na kuyashona pindo kwa sindano nyembamba kuliko zote alizokuwa nazo.

Jioni Nahodha akashuka. "Ile karatasi nirudishie, mama. Kuna jambo nimekosea."

Kesho yake karatasi ikarudi. Mstari wa mwisho ulikuwa umekwaruzwa kwa kalamu mpaka ukatoboka, na chini yake kumeandikwa upya: *Chumba cha mbele ni stoo. Tupu. Komeo kwa nje.*

Fundi aliifuata karatasi kama ilivyomfikia. Kipimo kilikuwa nusu inchi kwa futi moja, hivyo meli ya futi tisini na sita ikawa ya futi nne, kutoka omo mbele hadi tezi nyuma. Alilaza mkuku, uti wa mgongo wa meli, wa mninga mkavu, akasimamisha mataruma moja moja kama mbavu za samaki aliyekwisha kuliwa, akayavika mbao nyembamba za kupinda kwa mvuke wa birika. Ndani alijenga vyumba. Chumba cha nahodha kilipata meza yenye miguu iliyochongwa, viti sita, kabati la ramani lenye droo kumi na mbili, na kila droo ilifunguka, ingawa sitaha ikishafungwa hakuna atakayezifungua hadi mwisho wa dunia. Mke alimcheka.

"Baba watoto, droo za nani hizo?"

"Za meli."

"Na meli itaweka nini?"

"Haikuniambia. Mimi nimeambiwa zifunguke."

Vitanda vinne alivipanga mahali pake, cha nahodha, cha msaidizi wake, cha fundi wa matanga na cha mpishi. Mabaharia wengine walilala kwenye machela ya kuning'inia, na machela yalifumwa kwa uzi wa kushonea viatu. Mwisho kabisa, kwenye omo, palibaki kile chumba kitupu. Kilikuwa na upana wa inchi mbili na nusu, hakina dirisha. Alikitilia mlango, na kwa nje akautia komeo la pini lililoteleza vizuri hata yeye mwenyewe alilisukuma mara tatu bila sababu.

Mkewe alipoleta magodoro, yakawa matano.

"Hili la nani?"

"Karatasi ilisema matano."

"Karatasi inasema vitanda vinne. Tazama."

"Mimi nilipoisoma ilisema vitano. Wewe umeisoma ikiwa imekwisha kukwaruzwa."

Hapungui hakuwa mtu wa kutupa. Hata vumbi la msasa alilitunza kwenye kopo. Watu husema asiyekuwapo na lake halipo, lakini hapa palikuwa na godoro na mwenyewe hayupo. Alilichukua kwa kibano na kuliweka ndani ya chumba cha mbele, kwenye sakafu, lisije likapotea. Akaurudisha mlango bila kulisukuma komeo, akazima taa na kwenda nyumbani kula.

Asubuhi alipofungua karakana, godoro lilikuwa limebonyea.

Alidhani ni kidole cha mkewe. Akalitoa, akalipiga-piga kwa ncha ya penseli mpaka likajaa, akalirudisha. Asubuhi ya pili limebonyea tena, na sasa alilitazama kwa kioo cha kukuzia. Kidole hakibonyezi hivyo. Upande mmoja palikuwa na shimo dogo la mviringo. Chini yake palikuwa na shimo refu lililopinda katikati. Alikuwa ameuza vitanda miaka arobaini na kupokea magodoro ya kutengenezwa upya kutoka kila aina ya nyumba, na aliweza kusema mwenyewe alilala vipi kabla hajaambiwa. Huyu alilala ubavu, magoti ameyavuta kifuani, uso ameuelekeza mlangoni.

"Mama watoto. Umeligusa godoro?"

"La meli? Kwani mimi mtoto wa kuchezea wanasesere? Muulize aliyeligusa jana na juzi akilipiga kwa penseli."

"Mimi nalijaza. Kuna anayelibonyeza."

"Basi ni panya."

"Panya halali na magoti."

Mkewe akasimamisha cherehani, akaja, akatazama katika kioo. Alirudi kwenye kiti chake na kukaa kwa namna ya kuiona meli, si kwa namna ya kuipa mgongo kama alivyozoea.

Wiki hiyo hiyo, mchana, jua limejaa mlangoni na mtaa una kelele zake zote, kilisikika kishindo cha kugonga. Ngo, ngo, ngo. Kidogo, kikavu, kama ukucha juu ya kisanduku.

"Nahodha anataka chai," fundi akasema bila kuinua kichwa.

"Nahodha hayupo. Amekwenda kliniki tangu asubuhi, nimemwita teksi mimi mwenyewe."

Fundi akaweka randa chini. Wakasikiliza. Ngo, ngo, ngo. Hakikutoka ghorofani. Kilitoka kwenye meza ya katikati ilipokaa meli, upande wa omo. Alikwenda polepole, akainama, na kwa kibano akaufungua ule mlango mdogo ulioegeshwa. Kimya. Ndani mlikuwa na godoro tu. Akautazama mlango kwa upande wa ndani. Alikuwa ameupaka vanishi mara mbili, na sasa, kwa kimo cha inchi moja na robo kutoka sakafuni, vanishi ilikuwa imelika, imebaki mbao tupu inayong'aa. Hapungui alijua uchakavu kama daktari ajuavyo homa. Alama kama ile huwa kwenye mlango wa nyumba yenye watu wengi, mahali kiganja kinaposukuma, na huchukua miaka ishirini. Mlango huu ulikuwa na siku kumi na moja.

Mtu mwingine angekimbia. Yeye aliwaza kuhusu karakana. Mpwa wa Nahodha alikuwa ameshapiga simu kusema anakuja. Sitaha ilikuwa tayari, vipande vitatu vimepigwa msasa, inangoja gundi. Akifunga, biashara imekwisha, na kilicho ndani kitakuwa ndani ya mali ya mwingine. Akajiambia hivyo, akajikubalia, akaendelea na kazi.

Ila kulikuwa na komeo. Kila jioni aliliacha wazi, kwa sababu hakupenda kuufunga mlango ule, na hakutaka kujiuliza kwa nini. Kila asubuhi alilikuta limesukumwa, limefungwa. Hili lilimsumbua kuliko godoro. Mtu wa ndani hawezi kufunga komeo la nje. Kwa hiyo kulikuwa na wawili.

Jioni moja alifanya kitu ambacho mfanyabiashara hufanya akishuku anaibiwa. Alipepeta unga laini wa mbao sakafuni, kuanzia meza mpaka kila mlango, akatoka akirudi nyuma kama anayefagia. Asubuhi alikuta alama za ndara. Zilitoka mlango wa ngazi, zikafika kwenye omo, zikasimama, zikarudi. Pembeni ya kila ndara ya kulia palikuwa na duara la ncha ya fimbo. Akapepeta tena jioni ya pili na ya tatu, na alama zikaja vile vile. Mahali pa kusimama unga ulikuwa umevurugika sana. Huyo mzee hakuja kufunga na kuondoka tu. Alikuja, akafunga, akakaa.

"Ni Nahodha anayefunga," alimwambia mkewe.

"Na anayegonga?"

"Huyo hana ndara."

Mkewe akakata uzi kwa meno. "Baba watoto, wewe umezoea kununua. Kabla hujanunua hata kiti huwa unakigeuza chini-juu. Hiki cha leo mbona hukigeuzi?"

Wakili aliahidi kuja Alhamisi saa nane mchana. Saa nne Nahodha alishuka, amevaa koti lenye vifungo vya shaba, karatasi ziko kwapani.

"Shikamoo, Nahodha."

"Marahaba. Imebaki nini?"

"Gundi tu."

Mzee akaizunguka meli. Akachungulia chumba chake cha zamani na uso ukamlegea. "Hiki kiti nilikimwagia wino," akasema. "Na droo hii ya tatu ilikuwa inakwama."

"Kama ungeniambia, ningeikwamisha."

Nahodha akacheka, akaendelea, akapita jikoni, akapita machela, na alipofika karibu na omo macho yake yaliruka kama mtu anayeruka dimbwi. "Safi. Funga."

Hapungui alichovya brashi kwenye gundi. Ilikuwa ya moto, inanata vizuri, haitangoja. Akaipandisha, akaishusha tena.

"Kuna ufa, Nahodha."

"Ufa wapi?"

"Chumba cha mbele. Mimi ufa huutaja kabla mali haijabadilisha mkono. Atakayekuambia vinginevyo hajawahi kununua kwangu."

"Stoo ina ufa gani? Stoo ni tupu."

"Stoo ina godoro."

Mzee akashika ukingo wa meza. "Nani amekuambia uweke godoro?"

"Nililishona mimi, Nahodha," mke akasema kutoka dirishani. "Karatasi yako ilisema vitano kabla hujaikwaruza."

Nahodha akakaa. Kiti kilikuwa cha mteja, hakijakauka rangi, na hakuna aliyemkataza.

"Nimeona ndara zako kwenye unga," fundi akaendelea. "Jioni tatu mfululizo."

"Jengo ni langu."

"Ni lako mpaka saa nane. Sikukatazi kushuka. Nauliza unashukia nini."

Mzee akazitoa karatasi kwapani, akaziweka mezani. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, ya aibu, kama mtu anayeuliza kuhusu ugonjwa wake, "Na wewe unasikia?"

"Nasikia."

"Na mama anasikia?"

"Nasikia, Nahodha."

"Mimi nilidhani ni masikio ya uzee. Tangu siku ulipotia ule mlango, inapanda kupitia sakafuni, chini ya kitanda changu. Nikifunga komeo inapungua. Haikomi. Inapungua."

"Ni nani?"

"Mdogo wangu. Tumbo moja. Nilimchukua mimi, mama hakutaka. Akashikwa na homa ile ya kuambukiza, siku ya nne kutoka bandarini. Melini tulikuwa watu kumi na tisa. Chumba cha mbele kilikuwa cha kamba, nikatoa kamba, nikaweka kitanda, nikamwingiza. Nikafunga komeo kwa mkono wangu, kwa sababu alikuwa anatoka, alikuwa anazunguka kwa watu akiwa na joto kichwani." Akaisimika fimbo kati ya magoti yake. "Aliniuliza, kaka, mpaka lini? Nikamwambia kukikucha nakufungulia."

"Kukakucha?"

"Kukakucha, watu wakanitazama. Mpishi akasema, Nahodha, ukifungua tumekwisha. Aligonga siku ile, akagonga na ya pili. Ya tatu kukawa kimya, ndipo nikafungua." Akanyanyua uso. "Watu kumi na wanane walifika nchi kavu wazima. Nimewahesabu maisha yangu yote. Funga sitaha, fundi. Sitaki kukiona kile chumba, nataka tu kiwe mahali pake, na kifunikwe."

Hapungui alikuwa anatazama gundi ikianza kufanya ngozi.

"Nitakuongezea," Nahodha akasema upesi. "Chini na juu. Jengo zima, mpwa wangu asipate hata mlango. Wakili abadilishe karatasi leo hii. Komeo hilo libaki limefungwa, sitaha ifungwe, basi."

Maishani mwake Hapungui hakuwahi kukataa bei iliyopanda yenyewe. Mguu wa mkewe ulikuwa juu ya pedali, haukanyagi. Jengo zima, na vyumba vitatu vya juu vya kupangisha. Alifikiri kama alivyofikiri siku zote, akageuza kitu chini-juu. Meli itakwenda juu, na juu itakuwa yake. Nahodha atakufa, wazee hufa. Meli itabaki, na ule ukucha juu ya mbao utabaki, na mwenye nyumba atakuwa nani?

"Hapana," akasema. "Sinunui nyumba yenye mpangaji."

"Unasemaje?"

"Nasema unataka kuniuzia pamoja na mtu ndani. Mtoe kwanza. Makubaliano yetu ya zamani yananitosha, chini na kiua. Ila komeo hilo ulilolifunga usiku utalifungua wewe, kwa mkono ule ule, ndipo nitie gundi. Hutaki, chukua meli yako bila sitaha, na saa nane mwambie wakili arudi zake. Nitatafuta pengine. Nilishawahi kuuza nikiwa na mfuko wa koti tu."

Alisema kwa sauti ile ile aliyouzia vitanda, lakini mkewe, anayemjua, aliona kidole gumba kikisugua kiganja. Miaka ishirini na miwili ilikuwa kwenye kidole kile.

"Ni mbao na pini, fundi," Nahodha akasema.

"Basi fungua. Mbao na pini hazina meno."

Ngo, ngo, ngo.

Mchana kweupe, wote watatu walisikia. Mke akainua miguu yote miwili kutoka sakafuni, akaiweka juu ya ubao wa kiti.

Mzee akasimama. Fundi alimpa kibano. Kibano kikakwaruza sakafu ya meli, kikagonga mlingoti, kikakosa pini mara mbili. Fundi hakumsaidia. Mara ya tatu kikashika. Komeo likateleza vizuri, maana lilikuwa la kazi nzuri, na Nahodha akauvuta mlango kwa ukucha wa kidole cha mwisho.

Akainamisha kinywa karibu na omo. "Mdogo wangu," akasema. "Amka. Kumekucha."

Palikuwa kimya, na wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Lakini mshindo haukuja. Ila maranda membamba yaliyokuwa ukingoni mwa meza yalidondoka chini, moja baada ya jingine, na hapakuwa na upepo. Kisha maranda ya sakafuni yakasogea kidogo, kulia na kushoto, kama nyasi anapopita mtu. Yalisogea kuelekea mlango wa ngazi. Mlango ulikuwa wazi tangu Nahodha aliposhuka. Kipandio cha tatu kikalia, kile ambacho Hapungui alisema kila mwaka atakitengeneza. Kikalia cha saba. Halafu juu, kwenye sakafu ya chumba cha Nahodha, nyayo: nyepesi, peku, za mtu aliyelala sana na hajazoea kusimama.

Nahodha alisikiliza, kichwa kimeinuliwa, kama zamani pengine alivyosikiliza tanga. Hakuwa na furaha usoni wala hofu. Alikuwa na uso wa mtu aliyeitwa.

"Tia gundi," akasema.

Fundi akatia. Vipande vitatu vya sitaha vilikaa bila kubishana. Saa nane wakili alikuja, akasifu meli, akauliza juu kuna wageni gani, asijibiwe. Nahodha akaandika jina lake, herufi kubwa, na Hapungui akasoma karatasi kutoka mwanzo hadi mwisho mara mbili kabla ya kuandika lake. Meli ikapandishwa juu. Mpwa alipokuja alipiga kelele siku mbili, akatishia mahakama, akaondoka.

Wiki moja baada ya wakili kuja, Nahodha alishuka tena. Alikuwa amekonda.

"Fundi, nataka kitanda. Futi sita, chembamba, cha mtu mmoja."

"Cha kuweka wapi?"

"Chumbani kwangu. Analala sakafuni."

Hapungui akatoa penseli kutoka nyuma ya sikio. Akataja bei. Nahodha hakuomba apunguze, na hilo ndilo jambo lililomfanya fundi akose usingizi wa mchana.

Alikitengeneza kwa mninga uliobaki baada ya kazi ya meli, viungo vya kukazwa, bila msumari hata mmoja. Mkewe alishona godoro na hakuuliza chochote, ila alilishindilia pamba zaidi ya kawaida. Jumamosi akapanda na vipande begani, akakisimamisha kitanda mkabala na cha mzee, karibu na dirisha. Meli ilikuwa juu ya kabati. Alipomaliza akalitandika godoro. Desturi yake, kitanda kikishasimama, yeye hukikalia mara moja kwa uzito wote ili mteja asikie kwamba hakilii. Safari hii alisimama pembeni na begi la vifaa mkononi.

"Hukijaribu?" Nahodha akauliza.

"Hapana haja."

Kitanda kikalia kidogo, upande wa kichwani. Vitanda vya Hapungui havilii vikiwa vitupu. Akapiga magoti, akapapasa kiungo kimoja kimoja kwa kidole, akitafuta kosa lake, akitamani sana alipate. Viungo vyote vinne vilikuwa vimekaza. Alipoinua macho, usawa wa kitambaa cha mistari, godoro lilikuwa limeingia chini polepole, palipo bega, kisha palipo nyonga. Magoti hayakuvutwa. Mtu alikuwa amejinyoosha.

"Kimemtosha," Nahodha akasema.

Hapungui akainuka, akaaga kama anavyoagwa mteja yeyote mwenye mgeni, akatoka. Aliteremka ngazi akijibana upande wa ukuta, na kila kipandio, mpaka chini, aliacha nusu yake wazi.